Pumzi Katika Glasi Tupu

Maji matupu hayapumui. Hilo hata mlevi wa mtaani analijua, sembuse Daktari Jerlean Chisolm, aliyesoma mpaka vitabu vikamchoka. Lakini Jumatatu ile, katika maabara yake mjini Charleston, kijiglasi cha mashine ya kupima pumzi ya seli kilikuwa na maji tu, na mstari wa hewa kwenye kompyuta ulikuwa unashuka na kupanda, unashuka na kupanda.

Kushuka kungeeleweka, labda glasi ilikuwa na mabaki ya seli. Seli hula hewa. Lakini hazirudishi, na mstari ule ulikuwa unarudisha.

"Colby, umetia nini humu?"

Colby, msaidizi wake, mtu mzima mwenye upara na maneno mengi, aliinua mikono. "Maji, bosi. Nimeosha mwenyewe. Ukitaka nayanywa sasa hivi."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Ila na mimi nina swali." Akashusha sauti. "Nani anakunywa chai humu ndani? Tangu asubuhi nasikia kijiko kinagonga kikombe. Na hiyo harufu ya kafuri umeileta wewe?"

Jerlean akasema hasikii kitu. Alikuwa anasikia. Ting, ting. Marehemu mama yake, Evelina, hakuwahi kunywa chai bila kugonga kwanza ukingo wa kikombe, na alijipaka kafuri kifuani mpaka siku aliyokufa. Jerlean aliogopa, na kwa kuwa hakutaka kuogopa, akaamua kushuku. Jioni hiyo alibadilisha kufuli ya chumba cha mashine, akamnyima Colby ufunguo.

Utafiti wote ule ulikuwa wa mtu mmoja. Binti yake Tavia, wa miaka sita, alizaliwa na mitokondria dhaifu. Hayo ni meko madogo ndani ya seli yanayogeuza chakula kuwa nguvu, na ya Tavia yalikuwa yanafuka moshi tu. Akipanda ngazi kidogo, anakaa. Anahema kwa namna yake: haraka haraka, kisha kimya, kisha haraka haraka tena. Madaktari walimwambia Jerlean kwa upole kwamba moyo wa mtoto hautafika mbali.

Mama Evelina alikuwa mganga wa mizizi kisiwani kwao, karibu na Charleston. Ndiye aliyemwita Jerlean "Bina", jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Alimpa mjukuu wake chai ya uzima-wa-milele, mmea wa majani ya kijivu unaoota kando ya mashamba, na mtoto akachangamka. Jerlean akaupeleka maabara. Aliuchuma kila mahali, seli hazikushtuka. Ule uliokaushwa na mama yake tu ndio uliowasha meko. Kisha mama akafa, majani yakaisha, ikabaki chupa moja, nayo ilikuwa juu ya kaburi.

Kisiwani vitu alivyovigusa marehemu mwisho huachwa kaburini: kikombe, kijiko, taa, dawa. Ukimnyima, atarudi kuvifuata. Jerlean alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Tena siku ya maziko alikuwa amekataa Tavia apitishwe juu ya jeneza, mkono hadi mkono, ambako ndiko kumkatia maiti hamu ya mtoto. Alisema mtoto ni mgonjwa, asishikweshikwe. Baadaye akaenda makaburini mchana kweupe, akaichukua ile chupa, akajiambia mama angekubali. Majani mengine aliyapeleka maabara. Mengine alimchemshia Tavia.

Na Tavia alikuwa anapona.

Jumanne jioni, nyumbani, Jerlean alimkuta Mama Mdogo Rubertha, mdogo wa marehemu, anayemlea Tavia mchana, akipaka upya kwenye fremu za madirisha ile rangi ya buluu ya kuzuia mizuka.

"Mizuka gani tena, Mama Mdogo?"

"Wewe ndiye daktari, niambie. Mwanao leo kapanda ngazi mpaka juu, kashuka, kapanda tena. Nguvu kazitoa wapi?"

"Dawa inafanya kazi."

"Dawa ya nani?"

"Yangu."

"Haya, Daktari." Rubertha alichovya brashi. "Ile chupa ya dada haipo kaburini. Labda kaila panya."

Jerlean hakulala vizuri. Akaanza kumshuku na huyu: nani ajuaye anamtilia mtoto nini kwenye wali? Nani ajuaye kama hajapatana na Colby? Kikulacho ki nguoni mwako, wasemavyo watu, naye alikuwa anapekua nguo za wenzake.

Alhamisi mchana alijifungia na mashine. Maji mapya, glasi mpya. Mstari ulipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu mzima aliyelala. Wazo likamjia, akalionea aibu, lakini akapiga simu ya video nyumbani.

"Tavia, tucheze. Bana pumzi, mwanangu."

Mtoto akavimbisha mashavu, akaziba pua kwa vidole. Jerlean akageukia mstari, hajui kama anaomba usimame au usisimame. Haukusimama. Akangoja mtoto aachie, mtoto hakuachia, na kijiko kikaanza kugonga, ting, ting, si kwenye simu bali pale mezani karibu na kiwiko chake, na harufu ya kafuri ikamjaa kooni, na uso wa Tavia haukubadilika wala macho hayakupepesa, na mstari ukaendelea kupanda na kushuka bila haraka yoyote, mpaka Jerlean akapiga kelele, "Pumua! Tavia, pumua!"

Tavia alitoa vidole puani, akacheka. "Si lazima, Mama. Bibi ananipumulia."

Rubertha alipoambiwa yote hakumgombeza, na hilo lilimtisha Jerlean zaidi.

"Rudisha chupa," alinong'ona. "Na mtoto tumpitishe juu ya kaburi, kama tulivyotakiwa siku ile. Dada atamwachia."

"Na nguvu zake?"

"Nguvu ni za aliyezileta, mwanangu. Akiondoka, anaondoka nazo."

Walikwenda makaburini jua likiwa bado juu. Jerlean akaiweka chupa karibu na kikombe cha mama yake. Rubertha alisimama upande mmoja wa kaburi na Tavia mikononi, Jerlean upande wa pili.

"Pokea," alisema Rubertha, akamnyoosha mtoto juu ya udongo.

Pale katikati, Tavia akahema. Haraka haraka, kisha kimya. Midomo ikapauka. Akamtazama mama yake kwa yale macho ya uchovu ya zamani, akanyoosha mikono. Ndiye mwenyewe, Tavia wake, na alikuwa anakufa tena.

Mikono ya Jerlean haikuinuka.

"Mrudishe."

"Jerlean, pokea! Mtu haachwi katikati!"

"Nimesema mrudishe kwako!"

Rubertha akamrudisha. Rangi ikarejea midomoni mwa mtoto papo hapo, naye akaruka chini akakimbia hadi kwenye gari. Wako waliomlaumu Jerlean. Mimi simlaumu, anayetaka kulaumu na auguze kwanza.

Nyumbani Tavia alikula sahani nzima ya wali mwekundu na kamba, akaomba chai. Jerlean akamtilia, machozi ya furaha yakimtoka. Mtoto akakoroga. Kisha, kabla ya kunywa, akagonga ukingo wa kikombe. Ting, ting.

"Ahsante, Bina," alisema.

Jerlean hakukumbuka alivyofika maabara. Colby alikuwa amesimama nje ya chumba cha mashine, mkono mdomoni, akichungulia kwenye kioo cha mlango.

"Bosi, sijagusa kitu. Lakini kile kitu chako kimebadilika tangu alasiri. Kama vile... kama vile kimechoka."

Akafungua kufuli. Ndani hakukuwa na kafuri tena, wala kijiko. Mstari ulikuwa unapanda kidogo na kushuka kidogo, haraka haraka, kisha kimya, kisha haraka haraka tena.

Jerlean alipiga magoti, akaweka midomo kwenye glasi ya maji matupu.

"Bana pumzi, mwanangu," alinong'ona.

Mstari ukasimama.