Kibuyu cha Wairimu

Nina miaka sitini na mmoja, mjane, naishi peke yangu Tetu. Wasomaji wenzangu, mkimaliza kusoma haya nichukieni mkitaka. Mimi mwenyewe nimejichukia muda mrefu, nimezoea.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, maofisa wakipima mashamba. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, Njoki. Kwetu mwanamke akizaa, wenzake humletea uji kwa vibuyu, na kibuyu cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani yangu Wairimu, mjane asiye na mtoto, alinijia karibu kila siku. Alinifulia hata nguo za damu. Dada wa tumbo moja asingenitendea zaidi!

Lakini mume wangu Gichuki aligombana naye juu ya kipande cha kahawa mpakani. Mzee Ndirangu ndiye aliyeujua mpaka ule, na Jumatatu angewaonyesha maofisa. Gichuki alitangaza kila mahali kwamba mzee yuko upande wake. Haikuwa kweli. Mzee alikuwa amemnong'oneza mama mkwe wangu kwamba kipande ni cha Wairimu, naye akatuambia.

Jumamosi asubuhi nilijaza uji kibuyu cha Wairimu, nikampa Gichuki akirudishe. Alikipokea. Nikafurahi, nikadhani wamepatana... mjinga mimi!

Saa sita tukasikia mayowe. Mzee Ndirangu alikuwa amelala kati ya mibuni yake, povu mdomoni, amekufa. Kando yake palikuwa na kibuyu.

Polisi wakauliza ni cha nani. Vibuyu hufanana, lakini kila mwanamke husafisha chake kwa mkaa wa mti anaoupenda, na harufu haitoki. Wanawake walijua pua yangu, wakaniita. Nikakinusa... mutamaiyo! Kijijini petu ni Wairimu peke yake aliyetumia mti huo. Na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya dawa ya kupulizia kahawa. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona Gichuki akitoa mkebe wake wa dawa.

Nilielewa yote papo hapo. 

"Ni ya Wairimu," nikasema. Na huo haukuwa uongo!

Wairimu akapiga kelele. "Ati yangu? Hiyo niliachia Mama Njoki akizaa! Muulizeni, si imekuwa kwake!"

Gichuki akasema kilirudishwa tangu juzi. Watu wote wakanitazama. Njoki alikuwa akinyonya. Nani angetulisha? Na ningeitwaje, mke aliyemtia mumewe kitanzi? Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba watamwachilia baada ya siku mbili tatu.

Walimhukumu kunyongwa, kisha wakambadilishia kifungo cha maisha. Walisema alimuua mzee ili asimsaidie Gichuki. Kipande kile kikaandikwa jina la mume wangu, nami nikachuma kahawa yake kila msimu. Niambieni, nilikuwa mtu mimi?

Mwaka wa tatu nilijikaza nikaenda kumwona gerezani. Alikuwa amekonda, anakohoa. Nilitaka kuomba msamaha, ulimi ukakataa. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mama Njoki, mtoto anaongea sasa?"

Nikajibu ndiyo. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikala. Baada ya wiki mbili tukasikia amefariki.

Hapo ndipo nilipokwenda polisi! Gichuki alinyongwa. Kanisani wakanisifu kwa ujasiri... ujasiri gani, Wairimu akiwa tayari kaburini?

Njoki alipokua nilimweleza kila kitu. Nikamwambia nilinyamaza kwa ajili yake. "Mami, usiwahi kuniwekelea hiyo lawama," akasema. Hajarudi nyumbani tangu hapo, na watoto wake siwajui.

Mabinti mnaosoma haya, mkiulizwa jambo mnalolijua, lisemeni lote, siku hiyo hiyo, hata kama linawahusu waume zenu. Mimi nilisema nusu, na Wairimu akafa kwa ile nusu niliyoificha.