Jina la Vipande Tisa

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza saa nne asubuhi, na Naliaka akadhani ni waya. Akainama chini ya meza, akagusa nyaya moja moja. Zote zilikuwa baridi.

Alikuwa amemaliza kazi ya miezi mitatu. Kanisa moja la Kawangware lilikuwa limeleta katika ofisi ya akina Naliaka, Hurlingham, madaftari mia tatu ya miaka sitini, yenye kila neno lililotamkwa na watu waliokuwa wakiombewa mapepo yatoke. Kurasa zote zilikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta, lakini kutafuta neno moja kulichukua nusu saa, maana mashine ilisoma kila ukurasa tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Naliaka akaijengea faharasa: kila neno pamoja na kurasa linamopatikana, kama zile orodha za nyuma ya kitabu. Na kwa kuwa waandishi walikuwa wakikata maneno kwa kistari mwishoni mwa mstari, aliiamuru iunganishe kila kipande na mwenzake, popote kilipo.

Aliandika "kifua". Jibu likaja papo hapo.

"Umeweza," akasema Muindi, mwenzake wa meza ya pili, akivuta kiti karibu. "Na hii ya juu kabisa ni nini?"

Juu ya orodha palikuwa na neno refu lisilokuwa la lugha yoyote waliyoijua. Faharasa ilikuwa imelikusanya kutoka madaftari tisa, kipande kimoja kimoja.

"Sijui. Wacha nipigie mwenye vitabu."

Lakini Muindi alikuwa ameshaanza kulisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma jina la dawa.

Alipofika mwisho, taa zikafifia. Kiti chake kikarudi nyuma chenyewe hadi ukutani, kisha kikaja mbele kwa kasi, na uso wake ukagonga ukingo wa meza. Kabla hajalia kikarudi tena, kikaja tena, mara ya tatu, mara ya nne, mpaka taya likaning'inia upande na meno yakatawanyika juu ya kibodi, na kutoka kwenye kinywa hicho kisichofungika zikaanza kumwagika sauti za watu wengine, wanawake na wanaume, wazee na watoto wachanga, kila mmoja akilia alivyolia siku aliyoombewa.

Kuria, mkuu wao, akasukuma mlango. Akainuliwa kwa shingo, miguu ikipiga hewa, akatupwa kupitia kioo cha chumba cha mikutano. Hakuinuka.

Naliaka alikuwa chini ya meza, simu sikioni. Mama Selpher, mtunza madaftari wa kanisa, akapokea.

"Mama, kuna jina," akanong'ona. "Muindi amelisoma. Kuna kitu kinamuua."

"Mmeliunganisha?"

"Mashine imeliunganisha."

"Pepo huyo alimwingia mtoto wa dada yangu. Tulipomtoa, jina lake lilikataa kutoka vinywani mwetu, mpaka tukalikata vipande tisa, tukaviandika katika madaftari tofauti. Likate tena, mwanangu. Sasa hivi."

Kulikata kulikuwa ni kufuta faharasa yote. Naliaka akapanda kitini, na alipobonyeza herufi ya kwanza ya amri ya kufuta, kidole chake kidogo kikakunjwa nyuma mpaka kikagusa mgongo wa kiganja, akabonyeza ya pili na kingine kikafuata, naye akaendelea, akilia bila sauti, damu ya Muindi ikiteleza chini ya vidole vilivyobaki, pumzi ya moto ikimchoma kisogoni na sauti zile zote sasa zikitamka jina lake, Naliaka, Naliaka, mpaka skrini ikamuuliza kama ana hakika, na kwa kuwa hakuwa na kidole hata kimoja kizima, akaigonga kibodi kwa paji la uso.

Sauti zikakatika. Muindi akaanguka sakafuni kama nguo.

Mama Selpher alifika kwa bodaboda, akaombea pembe zote nne za chumba. Kuria alizikwa wiki iliyofuata; karatasi zilisema ni hitilafu ya umeme. Muindi alifungwa taya kwa waya, na kwa wiki sita Mama Selpher alikaa kando ya kitanda chake, akikataza mtu yeyote kumpa kalamu, asije akaliandika jina.

Siku ya kufungua waya, wanawake wanne wa kanisa walimshika mikono. Daktari akakata, akavuta, akasogea. Muindi akafungua kinywa.

"Maji," akasema.

Akanywa. Mama Selpher akamshika kidevu.

"Unalikumbuka?"

"Hapana, Mama. Nakumbuka kusoma tu. Jina lenyewe limeenda."

Wanawake wakaachia mikono yake, mmoja akaanza wimbo wa shukrani. Mama Selpher hakuimba.

"Kama halipo kwako," akauliza taratibu, "limeenda wapi?"

Akageuka. Naliaka alikuwa amesimama mlangoni, vidole vimefungwa bandeji, akiwatabasamia. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na hakuwa na habari. Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia chumbani.

Mama Selpher akamrukia, akamwangusha, akamziba kinywa kwa viganja vyote viwili.

"Leteni karatasi, tulikate tena," akasema. "Ameshafika kipande cha saba."