Herufi za Mzee Teodori

Kila asubuhi, akishampelekea baba yake uji wa ulezi, Cornelia aliketi mbele ya kompyuta. Alikuwa anachapa nyimbo za Kifipa alizotunga baba yake, mzee Teodori, katekista mstaafu wa Milanzi. Nyimbo zilijaza madaftari kumi na mawili, na mzee hakutaka yachanganywe hata kidogo. Basi Cornelia akatengeneza mafaili kumi na mawili. Juu ya kila faili aliandika mipangilio yake: ukubwa wa herufi, nafasi za pembeni na namba za kurasa.

Macho ya mzee yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema hayatarudi. Cornelia alitaka jambo moja tu: baba yake asome kitabu chake angali anaona.

Alipomletea nakala ya majaribio, mzee alisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Akafunua mbele. Akaisogeza karatasi puani, akaipeleka mbali, kisha akafunga.

"Huku umewaandikia sisimizi," alisema. "Na ukurasa wa kwanza uko mara ngapi humu?"

Cornelia aliona aibu. Alikuwa amekuza herufi katika mafaili matatu, akaitwa shambani, akasahau mengine. Tena kila faili lilianza kuhesabu kurasa upya.

Akamwendea jirani yake, Nestory, mpanga kurasa za vitabu katika duka la uchapaji mjini. Nestory alitazama mafaili, akacheka.

"Dada, umejipa kazi ya watu kumi na wawili. Mipangilio yote ihamishie katika faili moja. Kisha tengeneza faili kuu. Hilo linaita kwanza mipangilio, halafu daftari la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Unachapisha faili kuu tu. Kurasa zitafuatana zenyewe."

"Na madaftari ya baba?"

"Yanabaki mbalimbali. Mzee hatakugombeza."

Wakafanya hivyo. Kurasa zikafuatana, herufi zikawa kubwa. Walipofika daftari la saba, herufi zikarudi kuwa ndogo. Cornelia alivunjika moyo kabisa.

"Lifungue, tazama juu," alisema Nestory.

Juu kulikuwa na agizo la zamani la ukubwa wa herufi.

"Hukulifuta. Faili kuu linaagiza mapema, hili linaagiza baadaye. Kompyuta inafuata agizo la mwisho. Ndani ya daftari acha nyimbo tu."

Cornelia alilifuta. Kisha akapitia mafaili yote, moja moja, asiache agizo hata moja.

Kesho yake alimpelekea baba yake nakala mpya. Mzee aliitazama muda mrefu.

"Ongeza kidogo," alisema.

Cornelia alishtuka kwa mazoea. Wiki iliyopita neno hilo lingemlia siku mbili. Akafungua faili la mipangilio, akafuta kumi na nne, akaandika kumi na saba. Akachapisha upya kabla chai ya mzee haijapoa.

Mzee alifunua mpaka daftari la saba. Hapo palikuwa na wimbo alioutunga kijijini Mwimbi, siku Cornelia alipobatizwa. Akausoma kwa sauti, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kusimama. Cornelia alishindwa kuzuia machozi.

Katika ubeti wa nne mzee alinyamaza, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa umeruka neno," alisema. "Niletee kalamu."