Miguu ya Olima

"Olima! We Olima!"

Soko la Nyamongo lilikuwa limefurika watu waliokimbilia dhahabu kutoka kila upande, lakini sauti ile ilimpata Rispa moja kwa moja. Aligeuka, upawa wa uji mkononi. Mbele yake alisimama kijana mrefu, mkavu, raba zimetoboka, aibu imemjaa usoni.

"Nisamehe, shemeji. Ni hilo koti."

Lilikuwa koti la kijani la timu ya taifa, TANZANIA mgongoni, mikono ikimpwaya Rispa. Olima, mumewe, alilivaa siku aliyowaacha nyuma magwiji wa mbio ndefu, na Tarime nzima ikakesha redioni. Medali haikumlisha. Mwaka uliopita shimo la dhahabu lilimfukia. Kwa mila ya ukoo wao wa Kijaluo, mjane alivaa nguo ya marehemu mpaka mama mkwe amvue kwa mkono wake.

"Hukusikia kwamba alikufa?"

"Nilisikia, nikiwa kambini Kenya. Mdomo tu umenitangulia. Mimi ni Heche. Miaka mingi nilifanya mazoezi naye, nikimfuata nyuma."

"Hukuwahi kumpita?"

"Mara moja. Alisimama kufunga kamba za viatu."

Rispa akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akajishangaa.

Uji ukaleta mazoea, mazoea yakaleta simu za jioni.

"Umekula, mrembo wangu?"

"Mrembo gani anavaa koti la mwanamume?"

"Livue nikuoe."

"Si la kuvua mimi, Heche."

Alfajiri Heche alikimbia barabara ya Nyamwaga, akipita mbele ya nyumba ya marehemu. Rispa alimsikia akiwa kitandani na moyo ukamlipuka, kwa maana miguu ile ilipiga ardhi sawasawa na ya Olima. Alimpenda Heche. Ila saa hizo hakujua anampenda nani, na jambo hilo lilimtisha.

Asubuhi moja alimkuta mama mkwe wake, Akech, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ameketi mlangoni na kikombe cha maji ya vuguvugu.

"Mama, koti utanivua lini?"

"Nikuvue vipi, nyathina, mwanangu? Mumeo hajapumzika. Anapita hapa kila alfajiri. Namwekea maji kama zamani."

Jioni Rispa alimpigia Heche.

"Usipite tena kwetu."

"Nimekosa nini?"

"Usipite tu." Akakata simu. Alipopiga tena kueleza, Heche alikuwa amezima.

Alfajiri ikaja kimya. Akech alishika kikombe mpaka maji yakapoa. "Leo hajapita," alisema, na chakula akakikataa. Sokoni Rispa akaambiwa Heche ameingia mashimoni kuchimba. Aliacha uji jikoni ukiungua.

Alimkuta ukingoni mwa shimo, kamba kiunoni, tayari kushuka tena.

"Toka hapo, Heche. Siwezi kuzika wawili."

"Si ulinifukuza?"

"Mama anadhani wewe ni Olima. Niliogopa."

"Na wewe unadhani mimi ni nani?"

"Mchana najua. Alfajiri bado."

Heche akafungua kamba. "Basi twende mchana huu."

"Shikamoo, mama," alisema walipofika. "Mimi ni Heche. Ninayepita ni mimi."

Akech alimpapasa uso. "Kimbia nisikie."

Heche akazunguka uwanja wa nyumba. Akech akasikiliza, machozi yakimtiririka, kisha akampa maji anywe. Akamvuta Rispa, akamfungulia zipu na kumvua koti. Rispa alihisi baridi mabegani, furaha na uchungu vikamjia pamoja.

"Mchukue," Akech akamwambia Heche. "Lakini alfajiri upite hapa. Usisimame, usiniamkie. Pita tu."

"Nitapita, mama."

Rispa akamshika mkono, ukiwa bado na tope la shimoni. Alijua mwanamume huyu atatoka kitandani mwao kila alfajiri kwenda kukimbia badala ya marehemu, na yeye atabaki chini ya blanketi, akisikiliza miguu ikirudi, asijue ni nani atakayefungua mlango.