Mti Uliong'olewa Mzimuni

Harufu ya ubani ilianza Jumatatu, adhuhuri, ndani ya kitalu nyumba cha chuo, ambamo hakuna aliyewahi kufukiza kitu. Tuhfa, mtunza mimea, alirudi kutoka kuswali akakuta okidi zote za meza ya kwanza zimeng'olewa, zimelazwa sakafuni safu moja, kama maiti.

Jumanne ikawa meza ya pili. Jumatano, ya tatu. Mti mmoja tu haukuguswa: ule ambao Dokta Zabron, mkuu wa kitalu, aliuchimba mzimuni, nyuma ya magofu ya Tongoni. Tuhfa alikuwapo. Alimwambia kwamba watu wa pale hupiga hodi kwanza, hufukiza, kisha huchukua mzizi wa upande wa mashariki tu, shina hubaki. Dokta alicheka, akachimba mti mzima.

Alhamisi akamtupia barua ya kufukuzwa kazi.

"Ufunguo unao wewe. Saini, uondoke."

"Dokta, uliambiwa."

"Na nani? Na wewe mbeba ndoo?"

Tuhfa hakusaini. Alimwita shangazi yake, Bi Time, mganga wa Tongoni, aliyefika saa sita mchana na chetezo kikapuni, akakiwasha.

"Baba," Bi Time alimnong'oneza Dokta, "mwenye mti yumo humu. Mwambie: nilichukua bila hodi, naomba radhi, narudisha. Basi."

"Toka na moshi wako, bibi. Aliyechimba ni huyu!"

Hapo moshi wa chetezo ukaacha kupanda, ukatambaa sakafuni, majani ya kila chungu yakamgeukia Dokta pasipo upepo, na kinywani mwake, kinywa cha mwanamume wa Lushoto, ikatoka sauti ya kikongwe wa pwani:

"Mwongo. Umenikata maguu. Lete yako."

Dokta alitaka kukimbia. Miguu haikunyanyuka. Nyuzi nyeupe za mizizi zilikuwa zimemwota nyayoni, zimetoboa soli za viatu, zikaingia kwenye ufa wa saruji.

"Tuhfa, dada yangu," alilia kwa sauti yake, "nilichimba mimi!"

"Andika."

Akaandika nyuma ya barua, akasaini. Nyuzi hazikulegea.

"Kakuomba wewe," Bi Time alisema. "Mwenye mti hajamwomba."

Kinywa cha Dokta kikafunguka tena. "Maji, mwanangu," kikongwe akaomba. "Mizizi yangu ishike vizuri."

Tuhfa alikunja barua, akaitia kifuani. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuacha mmea wa kitalu hicho ukauke. Akavuta mpira, akafungua bomba.