Kazi ya Vaileth Haiuzwi

Mimi ni Eunike, mama Vaileth, wa Kikwe, huku Meru. Kila nikisimulia habari hii nakasirika upya. Mtanivumilia.

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine. Nilikamua ng'ombe, nikapika uji, nikakaa uani kuchambua maharage. Binti yangu Vaileth alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Yuko chuo kikuu, anasoma uchumi. Mara nikasikia kelele ndani.

"Mama! Nimepata! Nimechaguliwa!"

Akaniletea simu, akanisomea. Taasisi moja ya utafiti mjini Arusha ilitafuta wanafunzi wa uchumi wa kufanya kazi wakati wa likizo. Wangepita mitaani kuwauliza watu wanakopa wapi, wanalipa riba kiasi gani, na kama mikopo ya simu inawasaidia au inawaumiza. Vaileth aliomba nafasi hiyo akiwa chuoni, akafanya usaili, akafaulu. Angelipwa kila mwezi. Alitakiwa tu kujibu kwamba amekubali, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipojibu, nafasi angepewa mwenzake.

Mume wangu Eliasi alikuwa ametoka shambani na jembe begani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Fildi ya kulipwa? Tangu lini? Mpwa wangu alifanya fildi, hayo mafunzo ya kazini ya wanafunzi, mjini mwaka jana. Nauli katoa baba yake, chakula katoa baba yake. Leo wewe ulipwe?"

"Baba, hii siyo fildi. Ni kazi kabisa."

"Kazi gani hiyo? Humjui mtu pale, hujatoa kitu, halafu wanakupa mshahara? Hao ni matapeli. Usijibu kitu."

Vaileth akanitazama. Mimi nikamtazama baba yake. Kitu kimekuja kwa haki, ndiyo kwanza tunakikimbia! Tumezoea kudaiwa kitu kidogo kila mlango mpaka mlango ulio wazi unatutia hofu.

Kesho yake jioni akaja shemeji yangu Fanuel, mdogo wake Eliasi, anayekaa Kimandolu, mjini Arusha. Habari za Vaileth alikuwa amezisikia kwa kaka yake, akazitangaza mtaa mzima. Hakuja peke yake. Alikuja na mwanaume wa koti la kijivu na viatu vinavyong'aa, jina lake Ephraimu.

"Shikamoo baba mdogo," Vaileth akasalimia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mtu wako. Huyu anaijua ile ofisi nje ndani."

Ephraimu akakaa, akanywa maziwa yangu, akajifuta mdomo.

"Mzee, kazi hiyo ni ya kweli," akasema. "Lakini waombaji ni wengi. Bosi wao ni rafiki yangu. Mkimshika mkono kwa laki nane, binti anaingia. Ila msijibu ule ujumbe mpaka nimalize, mtaniharibia. Na msimwambie mtu."

"Mkono mtupu haulambwi, kaka," Fanuel akaongeza.

Nilidhani Eliasi atamfukuza. Wapi! Uso wake ulitulia.

"Eeh, sasa naelewa," akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya kweli. Ina gharama yake."

Jamani! Kazi isiyodai hela aliiita utapeli. Tapeli alipotaja bei, akaiita kazi ya kweli. Nilitaka kumwagia mtu maziwa.

Vaileth alisimama. "Baba, nimefaulu mwenyewe! Unanunua nini ambacho sina?"

"Nyamaza. Mambo ya watu wazima haya. Na hiyo simu nipe."

Eliasi akamnyang'anya simu, akaitia mfukoni mwake.

Alhamisi asubuhi mnunuzi wa ng'ombe akafika na kamba mkononi. Tuna ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Eliasi alikuwa amekubaliana naye bila kuniambia neno, apate zile laki nane. Nilikwenda nikasimama kwenye mlango wa banda, ndoo ya maziwa mkononi.

"Toka hapo, mama Vaileth."

"Sitoki! Ng'ombe huyu nani anamkatia majani? Nani anamkamua alfajiri? Unamuuza kwa ajili ya koti la kijivu?"

"Namuuza kwa ajili ya mtoto!"

"Mtoto anakwambia hataki! Umemnyang'anya hata simu!"

Tulikuwa tunafokeana hivyo alipoingia Catherine. Yeye ni jirani yetu, na ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huja kila asubuhi kuchukua maziwa. Alituamkia, kisha akauliza kuna nini. Eliasi alikaa kimya kwa sababu ya lile agizo la kutomwambia mtu. Mimi sikukaa kimya. Nilimweleza yote, mnunuzi akiwa palepale na kamba yake.

Catherine akaweka chupa yake chini.

"Baba Vaileth, samahani, nitakuuliza. Huyo Ephraimu amekupa barua yoyote ya ofisi?"

"Hapana."

"Hela unaituma wapi?"

"Kwenye namba yake ya simu."

"Akasema binti asijibu, na msimwambie mtu?"

"Ndiyo."

"Basi huyo ni tapeli. Baba, mwajiri halali hamuuzii mtu kazi. Hakuna hela ya usajili, hakuna hela ya fomu, hakuna hela ya bosi. Ukidaiwa hela ili upate kazi, simama hapohapo. Na hata kama bosi angekuwepo kweli, hiyo ni rushwa. Anayepokea ana kosa, na wewe unayetoa una kosa."

Eliasi akakuna kidevu. "Lakini kwa nini wamlipe mwanafunzi? Wanafaidika nini?"

"Wanafaidika na kazi yake! Mtafiti kutoka mbali akija hapa akamuuliza bibi habari za mikopo yake, bibi atamwambia nini? Atamkaribisha chai, basi. Vaileth atamwamkia kwa Kimeru, atakaa naye, ataambiwa ukweli. Halafu hesabu za riba anazijua. Hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Mbona vibarua wako wa kuvuna mahindi unawalipa?"

"Nawalipa."

"Walikupa hela kwanza ili uwaajiri?"

Mnunuzi wa ng'ombe akacheka. Eliasi hakucheka.

"Na kama hao wa utafiti nao ni matapeli?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Swali zuri. Usiniamini mimi, hakikisha. Lakini usipige namba aliyokupa Ephraimu. Ukimuuliza mwizi, atakujibu mwizi mwenzake. Piga chuoni, kwa namba ya chuo chenyewe."

Namba ilikuwepo kwenye barua ya Vaileth ya kujiunga na chuo. Eliasi akapiga mwenyewe, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Wakamuunganisha na mwalimu wa uchumi, anaitwa Peter.

"Ndiyo, mzee, taasisi hiyo tunaifahamu," mwalimu akasema. "Binti yako alishindana na wengi, akapata. Hadaiwi hata senti. Sasa mbona hajajibu? Kesho saa sita wanafunga! Mzee, usimkoseshe mtoto."

Eliasi akakata simu. Kisha akatoa simu ya Vaileth mfukoni, akampa mwenyewe.

"Jibu, mwanangu," akasema. "Nilikosea."

Vaileth akajibu palepale, kando ya banda, machozi yanamtoka na hasira haijaisha. Mnunuzi akakunja kamba yake, akaenda zake.

Jioni Ephraimu akapiga simu kuulizia hela. Niliipokea mimi. Yale niliyomwambia hayaandikiki kwenye kitabu cha kusoma.

Vaileth akaanza kazi. Alipita Kimandolu na mitaa mingine, akaongea na wauza mboga, mafundi cherehani na madereva. Mshahara ulikuja mwisho wa mwezi kama walivyosema. Alinifundisha na mimi kuuliza maswali kabla ya kukopa: riba ni kiasi gani, nitarudisha jumla ngapi, na mkopeshaji ana leseni? Siku hizi kwenye kikundi chetu cha akina mama mimi ndiye msumbufu.

Lakini Eliasi alikuwa hajatulia. Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wakisubiri kununua kwa mnada ndizi na kuku vilivyotolewa sadaka, aliomba nafasi ya kusema. Akaeleza yote. Alilitaja jina la Ephraimu, na koti lake. Alieleza jinsi alivyotaka kuuza ng'ombe kwa siri. Wengine walicheka. Fanuel, aliyekuwa amekuja kusali kwetu, aliinamisha kichwa.

Mzee Meshack, muumini mwenzetu, hakucheka. Alitusogelea.

"Huyo Ephraimu nimeshampa hela," akasema. "Kwa ajili ya mwanangu Nelson. Nimeuza kipande cha shamba."

"Twende polisi," nikasema. "Sasa hivi."

"Mama Vaileth, watu watanicheka."

"Mimi wamenicheka sasa hivi," Eliasi akasema. "Nimekufa? Twende."

Tukaenda Usa River, kituo cha polisi. Wazazi wengine wakatufuata nyuma, sikujua kwa nini. Fanuel naye akaja. Askari akachukua kalamu, akauliza mlalamikaji ni nani. Mzee Meshack akatazama sakafu.

"Mimi," Eliasi akasema.

"Amekuibia kiasi gani?"

"Hakufanikiwa. Lakini alikuja kuniibia nyumbani kwangu. Andika jina langu."

Mzee Meshack akainua uso. "Andika na langu. Mimi ameniibia."

"Na langu," akasema mama mmoja nyuma yetu.

"Na langu."

"Na langu, afande. Mwaka jana."

Kumbe wote walikuwa wameambiwa wasimwambie mtu, na wote walikuwa wametii. Fanuel akatoa simu yake, akampa askari namba ya Ephraimu na kumwelekeza anapokaa. Kabla ya wiki kwisha, Ephraimu alikamatwa.