Ndevu za Mtoano

Tuire Lahdenperä alifika uwanjani amechelewa, na aliyechelewa siku ya mechi ya magongo ya barafuni, ya watani wa jadi wa mji wa Tampere, hachagui pa kukaa. Viti vyote vilikwisha. Dirishani alipewa tiketi ya jukwaa la kusimama, upande wa kusini, kule ambako yeye na marehemu mama yake walikuwa wakikuita zizini. Akajipenyeza kati ya mabega na makoti yanayonuka theluji iliyoyeyuka, haradali na kahawa, kofia yake ya sufu ya buluu imekwenda upande, mpaka akapata nafasi ya kutosha nyayo mbili. Akashusha pumzi. Hapo hapo, nyuma ya kisogo chake, kitu kikalipuka.

"NANI ANASHUKA?"

"NI KUOHU!" likaitikia jukwaa zima, na ngoma juu yake.

Kuohu ndiyo timu, jina la povu la maporomoko yanayoukata mji ule katikati. Tuire aligeuka ameshika sikio. Mbele yake alisimama pande la mwanamume, skafu ya buluu imezungushwa shingoni mara tatu, macho ya kijivu yanayocheka kabla ya mdomo.

"Bwana," Tuire akasema, "sikio hili nalitumia kazini."

"Kazi gani hiyo, dada?"

"Dereva wa tramu. Mtu akipiga kengele nisipomsikia, nampitisha kituo chake."

"Basi la pili libaki la kazini. Hili nimeshalichukua mimi."

"Una mdomo wewe!"

"Nina koo. Mdomo ni mlango tu."

Jina lake Ilpo Mäkihonka, na koo lake lilikuwa na sifa mji mzima. Walisema siku moja alipoita mwito, bata waliolala mtoni waliruka wote wakaenda kutua Lahti, mji mwingine kabisa. Walisema tena kwamba kipa mmoja mgeni alidhani anaitwa na baba yake, akageuka kuitika, na kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kikapita katikati ya miguu yake hadi wavuni. Ya bata huenda imetiwa chumvi. Ya kipa ina mashahidi elfu saba.

Basi mtu huyo, ambaye mchana alikuwa mpishi wa chekechea na aliwasagia watoto viazi kwa upole kama anayemwogesha mtoto mchanga, wakati wa mapumziko alipanga foleni na kurudi na kahawa mbili na andazi moja la iliki.

"Moja tu?" Tuire akauliza.

"Nimeona tuligawane. Ukila lote utaondoka."

Tuire hakuondoka. Mechi ikaisha, wakatembea pamoja hadi kituoni, theluji ikilia chini ya viatu vyao. Walikuwa na umri ambao watu hawaulizani tena wangapi walipita kabla; Tuire arobaini na sita, Ilpo amemzidi kidogo.

Majira yale ya baridi Tuire hakukata tena tiketi ya kiti. Kila mechi ya nyumbani alisimama zizini, mbele ya Ilpo, akijua bila kugeuka ni lini anavuta pumzi ya kuita. Alijifunza kuisoma mechi kwa masikio: mkwaruzo wa viatu vya chuma, gongo linapovunjika, mlio wa kisahani kikigonga nguzo ya goli na elfu saba wakinyamaza mara moja. Akajua pia kwamba mwanamume huyu hapendi simu, lakini humpigia kila mchana Tuire afikapo mwisho wa reli.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Swali gani hilo? Niko kwenye reli. Nitakuwa wapi kwingine?"

"Nimepika supu ya samaki, watoto wamekataa karoti."

"Wana akili."

"Nimekuwekea wewe."

"Karoti zilizokataliwa! Haya mapenzi yana makombo."

"Njoo ule, acha maneno."

Naye akaenda. Jumamosi walikula soseji nyeusi sokoni kwa glavu mikononi, na Jumapili Ilpo aliwasha sauna, chumba cha kuogea mvuke, wakakaa kimya humo kama watu wa kule wanavyokaa, kimya kisichodai kitu. Tuire, ambaye baada ya talaka alikuwa amejiahidi kutotundika koti la mtu kwake, aligonga msumari wa pili mlangoni.

Machi ikaleta mtoano, na mtoano una sheria zake. Wanaume hawanyoi ndevu mpaka timu itolewe au itwae kombe. Tuire, asiye na ndevu, alivaa soksi zile zile za njano kila mechi, na Ilpo aliapa kwamba siku ya fainali zitaingia uwanjani zenyewe kwa miguu. Sheria ya pili: mtoanoni haitajwi habari mbaya, si ugonjwa, si msiba, wala mipango ya Mei. Kunyoa huku timu ingali hai ni kuizika. Kulikuwa na fundi bomba mmoja aliyenyoa kwa ajili ya harusi ya binti yake, Kuohu ikafungwa usiku huo. Mpaka leo jukwaani humpa kisogo, na binti ana watoto wawili.

Ndevu za Ilpo zilitoka nyekundu, zikamfanya aonekane mwizi wa farasi. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Koo lako linapiga kutu," Tuire alimtania.

"Ni asali imepungua."

"Nenda kwa daktari, we mwanamume."

"Mtoano ukiisha," akajibu, akamziba mdomo kwa busu.

Nusu fainali, ambayo huchezwa mechi kadhaa, ikafika mechi ya nne, Jumanne. Tuire alitoka zamu akaingia jukwaani na soksi zake za njano, akiwa na andazi la iliki mfukoni. Raimo, mpiga ngoma, alikuwa ameinamisha vijiti.

"Umemwona mtu wako?" akamuuliza.

Akamwona. Ilpo alikuwa akipanda ngazi, skafu imevutwa hadi puani. Alipofika mahali pake akaishusha. Uso ulikuwa mtupu, umenyolewa hadi chini ya shingo, mweupe kama sahani.

"Umenyoa," Tuire akasema.

"Nimenyoa."

"Kwa nini?"

"Nitakwambia mtoano ukiisha."

"Ilpo. Tuko nusu fainali. Kwa nini?"

"Tuire wangu, niachie leo tu. Leo niite tu."

Akainua kichwa, akavuta ile pumzi ambayo Tuire aliijua mgongoni mwake. "NANI ANASHUKA?"

Sauti ilitoka imepasuka, lakini ilifika hadi darini. Na jukwaa likanyamaza. Raimo alitazama barafu. Watu wote wakampa visogo. Mwito ule ulizunguka uwanja mzima ukarudi peke yake, na Tuire, aliyekuwa mbele yake umbali wa mkono mmoja tu, alikaza meno akatazama mbele kama wenzake.

Ilpo aliita mara ya pili. Hakuna aliyeitika. Kipindi cha tatu Tuire alipogeuka, nyuma yake palikuwa patupu.

Kuohu ilifungwa, na wiki ile ile ikatolewa. Simu ya Ilpo ililia jioni ya mechi, Tuire akaikata. Ikalia tena, akaikata. Akamwambia msumari wa pili mlangoni, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia: "Mtu ashindwe kusubiri mtoano uishe? Kama anaizika timu hivyo, mimi atanizikaje?" Asubuhi ilipokucha simu haikulia. Siku zilizofuata akaingoja, akiapa kwamba haingoji. Haikulia tena.

Barafu ya ziwani ikapasuka, birika za kahawa zikahamia vibarazani. Tuire alipangiwa njia ya hospitali, ambako reli inaishia mbele ya lango. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mwezi mzima.

Asubuhi moja ya Mei alifika mwisho wa reli akatoka chumba chake cha dereva kwenda kile cha upande wa pili. Kituoni walisimama watu wawili: mwanamke mrefu mwenye koti la mvua, na mwanamume aliyepungua ndani ya nguo zake, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Ndevu changa nyekundu zilikuwa zimemea kuzunguka kitambaa.

Tuire alisimama na funguo mkononi.

"Wewe ndiye Tuire?" mwanamke akauliza. "Mimi Sinikka, dada yake. Wewe ndiye usiyepokea simu?"

"Sinikka, basi," Ilpo akasema. Tuire alitazama kuona ni nani aliyesema. Haikuwa sauti. Ilikuwa kama karatasi inakunjwa.

"Basi nini? Hospitalini walimnyoa Jumanne, Jumatano wakampasua koo. Aliomba wamruhusu jioni moja tu, akaiite timu yake kwa mara ya mwisho kabla sauti haijaondoka. Kumbe akaenda kuuita ukuta!"

Saa ya kituo ikaonyesha wakati wa kuondoka, na ndani ya tramu watu walikuwa wameshakaa na mifuko yao. Tuire akasema jambo la pekee alilolijua. "Ingieni. Naondoka."

Akaendesha. Hakupitisha kituo wala hakuchelewa. Abiria wa viti vya mbele waliona tu kwamba dereva anafuta uso kwa mkono wa sweta kila taa ikiwa nyekundu.

Zamu ilipokwisha alipanda ngazi za Ilpo na viatu vya kazi. Jikoni kulikuwa na viazi vilivyosagwa, laini, chakula alichowapikia watoto na sasa anakila mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa wakati wa mtoano," ikasema ile karatasi. "Mtoanoni hatusemi."

"Hatusemi jukwaani! Mimi ni jukwaa?"

"Siku ile ulikuwa."

Tuire akakaa. Hilo lilikuwa kweli, na hapakuwa na pa kulisogeza. "Uliita," akasema, "na sikuitika."

"Hukuitika."

"Sitakuomba usahau."

"Siwezi kusahau. Najaribu kutokasirika. Daktari anasema hasira inakausha koo." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likazima. "Sikiliza, Tuire. Kila miezi mitatu wananichungulia. Ugonjwa unaweza kurudi. Sauti hairudi. Tafuta mtu mwenye afya. Aliye na koo."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Kabla ya kuja nimepita ofisi ya klabu. Nimekata tiketi mbili za msimu. Za viti."

"Viti! Sisi? Pamoja na wanywa kahawa?"

"Viti. Daktari wako atataka ukae. Halafu msichana wa dirishani akaniuliza, huyu wa pili ni nani wako. Nikasema mume wangu."

Ilpo aliweka kijiko chini. "Umemdanganya msichana wa watu."

"Nimemdanganya. Na ana sura ya mtu mwema. Sipendi abaki na uongo wangu mpaka msimu uanze Septemba."

Nje tramu ya mwenzake Tuire ilipita, ikagonga kengele. Ilpo alimtazama mwanamke huyu katika sare yake, akaitoa mikono yake mikubwa mezani, akaificha chini.

"Na nikiwa sipo Januari?"

"Basi nitakununia mpaka Machi, na wewe unajua ninavyonuna. Lakini Septemba utakuwepo. Oktoba utakuwepo. Tuihesabu mechi moja moja, kama wanavyofanya wenye akili."

Ilpo akanyamaza, kile kimya chao cha sauna, lakini safari hii kilidai kitu, na wote wawili walikijua. Tuire hakumharakisha. Alimenya kiazi kilichobaki kwenye sufuria, ingawa kilikuwa kimeshamenywa.

"Viko wapi hivyo viti?" Ilpo akauliza mwishowe.

"Nyuma ya kipa wetu, kipindi cha kwanza na cha tatu. Vizuri vilikuwa vimekwisha."

"Kwa hiyo mabao tunayofungwa yatatujia usoni."

"Usoni kabisa."

Mkono ukatoka chini ya meza, ukaushika wake.

"Basi sogea karibu," akasema. "Tuyatazame wote wawili."